Maharage ya Kibumba Yamefika

Jumatatu, 24 Novemba

Makala ya kupikia yamelowa tena. Moto ulikataa mpaka nikautukana. Nimetia chunguni maharage mabichi kutoka mashamba ya Kibumba, kisha nikamtumia Neema, binti yangu, sauti kwa simu kule Kampala. Maharage yamefika, moto umewaka, sahani yake ipo, kiti chake nimekipiga msumari mpya, tuko salama. Kila msimu namwambia hivyo. Anajibu asante mama. Basi.

Furaha, mtoto wake, yuko mezani na insha mbili za shule. Uso kama mbuzi aliyenyimwa chumvi.

Jumatano, 26 Novemba

Insha ya Kiingereza imerudi na wino mwekundu. Mwalimu anasema Furaha anazunguka. Kwenye Kiingereza unasema unachotaka mstari wa kwanza, unaleta sababu, unafunga mlango. Huyo mwalimu nampenda. Darasa sikulikanyaga, herufi nilizipata parokiani nikiwa na mvi tayari, lakini kusema wazi nakujua. Mtaa mzima unajua. Furaha alicheka. Sikukipenda kicheko kile.

Ijumaa, 28 Novemba

Insha ya pili, ya fasihi, ni kitu kingine. Huko hawaulizi wewe unataka nini. Unachukua maneno ya mwingine, unayapepeta kama mtama. Kasema hivi, chini yake kuna nini, na ushahidi uko kwenye neno gani. Nikasema huo ni umbea.

"Umbea wenye ushahidi, koko," akanijibu mimi bibi yake.

Mwalimu amewaruhusu kuchagua hata maneno ya nyumbani. Ya kwake ananificha. Nimekasirika. Nimempa samaki mkubwa hata hivyo.

Jumapili, 30 Novemba

Amenisomea ile ya fasihi, akinigeuzia Kiswahili. Amechagua maneno yangu. Zile sauti zote za simu, bado zimo. Ameandika kwamba koko hataji maharage peke yake, anataja na sahani, na moto, na kiti. Mtu asiye na hamu na mtu hatangazi kiti. Halafu akaweka karatasi chini.

"Unamwita mama arudi, koko. Kila mwaka unamwita. Yeye anasikia maharage tu."

Nikamtuma maji. Maji yalikuwepo.

Kwetu mtoto aliye mbali anaitwa kwa msiba. Bila msiba unamwachia kazi yake, unataja chakula. Ndivyo mama yangu alivyofanya.

Nina hamu na Neema. Nimeandika. Nikafunika daftari kama mwizi. Mimi niliyemwambia padri usoni kwamba mahubiri yake yanachosha.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimemtumia Neema sauti kwa mtindo wa ile insha ya Kiingereza. Mstari wa kwanza: Neema, rudi nyumbani, nina hamu nawe. Sababu: nazeeka. Furaha amenipita urefu na wewe hujaona. Nikafunga mlango. Maharage sikuyataja.

Hajajibu. Mchana kutwa simu iko kifuani, ndani ya kitenge. Nimemgombeza muuza makala. Hakuwa na kosa.

Jumanne, 2 Desemba

Simu bado kifuani. Sikula.

Alhamisi, 4 Desemba

Neema amejibu. Kwanza aliuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni mimi tu na hamu yangu. Kisha ikaja sauti fupi.

"Mama, hayo maharage ya Kibumba, Noeli yatakuwepo bado?"

Furaha alifungua mdomo achambue. Nikamwambia anyamaze, hilo nimelielewa mwenyewe.

Yatakuwepo, nikajibu.

Jioni nimefuta vumbi kwenye kiti.