Kahawa Niliyoinywa kwa Sheikh Hamdan

Matrah, Maskati
Siku za mwisho za Shaaban

Mke wangu Rukia,

Salamu kwanza, maneno baadaye, kwani ukishaanza kusoma maneno utasahau kuziitikia salamu. Hujambo wewe? Zuhura hajambo? Na Abdalla, kifua chake kimepoa? Mama miguu bado inamsumbua, au ile dawa ya kuchua niliyompa baharia wa Malindi ilifika? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Joto limepungua, sasa hata mchana mtu anashika komeo la mlango bila kuruka. Kula nakula. Kulala, tutasema.

Barua yako nimeipata Jumatatu. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Kwamba ruhusa yenu ya kusafiri imetoka, baada ya miaka sita ya njoo kesho na njoo keshokutwa! Nilicheka peke yangu mbele ya wapita njia, wakadhani nimeshikwa na jambo. Kisha nikakumbuka nilichokuandikia mwezi uliopita, na kicheko kikanikauka. Nilikwambia mkahawa unakwenda vizuri. Nilikudanganya, Rukia. Sasa nakueleza ukweli wote, na ukitaka kukasirika subiri umalize.

Mambo ya bandari ya huku ni haya: mtu haruhusiwi kuipokea familia yake mpaka alete karatasi iliyotiwa saini, inayoonesha nyumba watakayokaa na kazi itakayowalisha. Mimi nyumba na kazi ni kitu kimoja. Chumba cha mbele ni mkahawa, chumba cha nyuma ndimo nilalamo, na ndimo nilimokutayarishieni wewe na watoto. Nimekipaka chokaa kwa mikono yangu. Mwenye nyumba akinitoa cha mbele, na cha nyuma nimekikosa. Na cha mbele kimeshakwenda.

Miezi mitatu hii, tangu mambo yalipolegezwa huku na watu wakaruhusiwa kuwasha redio na kuvuta sigara njiani, kila tajiri wa Ghuba anaiangalia Matrah kama paka anavyoliangalia jiko lililoachwa wazi. Amekuja mmoja wa Dubai. Ana mikahawa Bahreni, ana Doha, Dubai kwenyewe anayo miwili, na yote ni mamoja: viti vyekundu vya bati, ubao wenye picha ya dele la kahawa, la kijani, watumishi wenye kofia nyekundu. Kahawa inakuja kwenye mikebe, imeshasagwa huko huko. Fahari yao ni kwamba anayeinywa Doha na anayeinywa Dubai hatajua tofauti. Kama kwamba kutojua tofauti ni sifa! Wameufungua mmoja mwanzo wa njia ya sokoni, na jenereta nyuma yake linanguruma kutwa. Wana feni, wana soda za baridi, wana redio inayosema saa zote.

Mimi nina nini? Nina kinu, nina kikaango cha kukaangia buni, nina tangawizi na mdalasini na madele mawili. Mwanzo nilijipa moyo. Nikasema vijana waende wakapigwe na feni, wazee watabaki. Wazee nao wakaanza kupotea mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya adabu. Huyu magoti, yule redio ina habari za Kairo. Aliyebaki ni Khalfan, mchuuzi wa samaki wa Yiti, ambaye kila asubuhi akishauza nguru wake huja kunitukania kahawa kuwa ni kali, kisha akanywa vikombe vitano.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mtu wao, Yakubu, wakili wa yule tajiri, akatoa habari kuwa wanataka na safu yetu nzima, maduka sita pamoja na langu, wayavunje kuta na kufanya mkahawa wa pili, mkubwa. Safu hiyo ni ya Sheikh Hamdan, mzee wa hapa hapa. Rafiki yangu Masoud, yule wa Malindi tuliyekuja naye, akaniambia:

"Nenda kwa sheikh mwenyewe, Nassor. Hana tamaa yule. Kamwombe uso kwa uso, mambo yatatengenea."

Nikavaa kanzu uliyonishonea, nikajifukiza udi, nikaenda baada ya sala ya alasiri, na Masoud nyuma yangu. Tukaingia kwenye baraza yake, watu wamekaa mikekani ukutani, na nani namwona? Yakubu, kakunja miguu, finjani ya kahawa iko mbele yake chini, imejaa vile vile ilivyomiminwa. Haigusi. Nikafurahi moyoni. Nikasema huyu hana adabu, kapewa kahawa ya watu na hainywi, leo kajiharibia mwenyewe.

Mtoa kahawa akanijia. Nikanywa. Akanimiminia tena, nikanywa, na nikaisifu, maana kwetu kahawa ya mwenye nyumba husifiwa. Ya tatu nilipomaliza nikaitikisa finjani, kama wafanyavyo huku kuonesha kuwa imenitosha. Nilijiona Mwarabu kamili.

Sheikh akawa ananitazama. Akaniuliza, "Nassor, u mzima?"

"Mzima, sheikh."

"Huna tabu?"

Sasa wewe wanijua nilivyolelewa. Mtu hamwagi shida zake kwa swali la kwanza kama anayemwaga maji machafu. Nikajibu, "Sina tabu, alhamdulillahi," nikingoja aniulize mara ya pili.

Hakuniuliza. Akamgeukia Yakubu. "Na wewe, kahawa yako inapoa. Una haja gani?"

"Siwezi kuinywa, sheikh, mpaka nipate jibu la maduka."

Watu wote wakageuka kumtazama. Sheikh aliangalia mkeka. Aliniangalia mimi tena, na macho yake yalikuwa yakiniomba kitu, naapa, lakini sikujua kitu gani. Mwisho akasema, "Kunywa. Haja yako umeipata."

Yakubu akaiokota finjani akainywa kwa funda moja.

Nikaruka. "Sheikh! Na mimi nimekuja kwa hayo hayo maduka!"

"Ulikunywa, mwanangu," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Ulikunywa mara tatu. Nikakuuliza, ukasema huna tabu. Sasa neno langu limeshatoka mbele ya watu."

Nje nikamshika Masoud kanzu. Ndipo aliponieleza. Huku mwenye haja hainywi kahawa, huiweka chini, na mwenye nyumba hawezi kumwacha mgeni wake hivyo, ni aibu kwake. Humuuliza haja yake, na akimwambia kunywa, basi kampa. Anayekunywa amekuja kusalimia tu. Na kumbe sheikh hakuwapenda wale watu. Alikuwa akiningoja mimi niiweke chini finjani yangu, apate sababu ya kuwakatalia.

"Mbona hukunambia?" nikamuuliza.

"Nlidhani wajua. Wewe si Mmanga?"

Nilitaka kumpiga, nikamwachia kanzu. Huko Unguja niliitwa Mmanga, Mwarabu wa kuja, mpaka mwaka wa mapinduzi nikatoka na nguo za mwilini. Huku naitwa Mzanzibari, na watoto wananicheka Kiarabu changu. Siku moja tu niliyohitaji kuwa Mmanga, tena kwa muda wa kikombe kimoja, sikuweza. Na nilishindwa kwa sababu ya adabu! Ningekuwa mtu asiyefunzwa kwao ningekuwa na duka langu mpaka leo.

Kesho yake Yakubu akaja, mpole, kajipaka mafuta mazuri. "Bwana Nassor, tajiri hataki ubaya na mtu. Baki hapa hapa utuhudumie wateja. Chumba cha nyuma hatukivunji, kaa na ahali zako. Na karatasi ya bandarini nitakutilia saini mimi. Ila kahawa itakuwa yetu, ya mkebe. Tangawizi hatutii. Na buni usikaange humu, harufu yake inawashinda wateja wetu."

"Toka," nikamwambia, "kabla sijakumwagia hili dele."

Akatoka taratibu. "Nakungoja mpaka mwandamo wa Ramadhani," akasema mlangoni.

Basi hiyo ndiyo habari, Rukia. Nimeshaamua. Nimekunywa kahawa ya kunidhalilisha mara moja, sitawamiminia watu nyingine kwa maisha yangu yote. Nitatafuta chumba pengine na kazi pengine, hata huko Wattaya kwenye mashamba. Msipande meli. Ngojeni mpaka nikuandikieni.

*

Barua hii sikuipeleka. Siku nne zimepita, na hayo niliyoyaandika juu nayaacha uyaone, usije ukadhani umeolewa na mtu mwenye busara.

Jana niliisoma tena barua yako, safari hii hasira zimeshuka. Nikaona mambo ambayo mara ya kwanza yalinipita. Umesema chumba cha Ng'ambo umeshakirudisha kwa mwenyewe. Umesema kitanda umemwachia dada yako, na mnalala chini kwa mama, mmebanana. Umesema ruhusa ni ya safari moja, na meli ni ya baada ya Idi. Na mimi hapa naandika "msipande meli", kama kwamba ruhusa zinauzwa sokoni pamoja na vitunguu.

Nikaenda kwa Yakubu. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, mbele ya feni yake na watu wake. Alikuwa na mgeni, akanisimamisha kitambo. Nikasimama. Aliponiuliza nataka nini nikamwambia nataka karatasi ya bandarini itiwe saini leo, si kesho, na mimi kesho nitakuwa kazini. Akaitia saini. Hakunicheka, nasema haki yake. Nafikiri ningependa zaidi kama angenicheka.

Leo ndiyo asubuhi yangu ya kwanza. Dukani mwangu mwenyewe, na viti vyekundu. Khalfan akaja kama kawaida, kaweka kikapu chake mlangoni, akakaa. Hakuitazama kofia kichwani mwangu. Nikammiminia ile ya mkebe. Akaonja. Nikangoja aseme, takataka gani hii, Nassor, ili na mimi nimjibu, tugombane kidogo kama siku zote, roho yangu itue. Aliinywa yote mpaka chini, akasimama, akanishika mkono. "Ahsante, Nassor," akasema, kwa sauti ile ya mtu anayeaga msibani. Hajawahi kunishukuru hata siku moja yule mtu. Nikaingia nyuma nikalia, na nilipotoka nikawamiminia wengine.

Karatasi hiyo hapa, nimeikunja ndani ya barua hii, iweke mahali pakavu na usimpe mtu kuishika mpaka mfike. Njooni. Yale maneno ya msipande meli yafute. Pandeni hiyo hiyo ya baada ya Idi.

Mama mkwe mpe mkono wangu na umbusu kichwa, mwambie nimeomba radhi kwa kumchukulia mtoto na wajukuu mbali hivi. Dada yako Mize msalimie, kitanda ni chake halali. Shemeji Hamadi, aliyekuhangaikia hiyo ruhusa maofisini, mwambie siyajui malipo yake ila kumuombea. Majirani wa uani wote, na yule bibi aliyekuwa akinipa mchuzi siku ukiniudhi, naye msalimie, kama yuko hai. Zuhura mwambie nakumbuka anavyopenda kusukwa, na kwamba huku atamkuta mke wa Masoud, ana mkono mwepesi.

Limebaki la Abdalla. Yeye nilimwacha tumboni mwako, hajanitia machoni hata siku moja. Najua umekuwa ukimwambia baba yake ana mkahawa wake Matrah, na mimi ndiye niliyekufundisha kusema hivyo. Mtakaposhuka mtakuja moja kwa moja hapa, na atakayemwona mlangoni ni mtu mwenye kofia nyekundu, anawamiminia watu kahawa ya mtu mwengine. Usimweleze lolote la Sheikh Hamdan, wala la maduka, wala usimwombe anihurumie. Akikuvuta buibui akakuuliza, "Mama, huyu ndiye?" mwambie ndiye.

Mumeo anayekungoja,
Nassor