Mapera ya Anjela na Dawa ya Kahawa

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya Marangu? Mimi mzima, nimenenepa, Muscat yote inanijua. Usicheke. Hakuna tunda linalofika mezani kwenye hoteli hii bila kupita mikononi mwangu. Matajiri na suti zao wanamsubiri Prosper wa darasa la saba.

Barua hii nimempa mwenzangu wa Himo anayekuja likizo, maana kwenye simu nikitaja dawa tu unasema, "Haya, salimia huko," unakata.

Ni habari ya mwanangu. Jumapili Anjela aliniambia kwenye simu kwamba anaongea akiwa juu ya mpera. Mama, nilikaa chini palepale jikoni. Nikasikia harufu ya mapera, nikasikia na maji ya mfongo yakipita mferejini chini ya migomba. Huku maji yanatoka ukutani, hayaongei na mtu. Kisha akasema, "Baba, yana unga wa bluu. Bibi anayafuta na kanga." Raha yote ikaniisha.

Huo unga ni dawa aliyopulizia mdogo wangu Aloyce kwenye kahawa. Kihamba chetu, kahawa, migomba na mpera, kila kitu kimebanana. Kahawa ikipata dawa, na mpera umeoga.

Usiseme nimekuwa Mwarabu. Hata mimi nilipofika nilifuta tofaa kwenye aproni, nikauma. Mpishi mkuu, Mhindi mmoja mwenye kitambi cha heshima, akaniuliza, "Unakula dawa?"

"Nimefuta, bosi!"

"Umefuta vumbi. Dawa umeipaka vizuri."

Walinicheka wiki nzima. Sasa mimi ndiye ninayewafundisha wafanyakazi wapya. Maji yawe yanatiririka, siyo ya beseni ambayo tunda la kwanza limeshayachafua. Sugua kwa mikono, hasa penye kikonyo. Sabuni hapana, tunda linainywa. Siku nyingine tunaloweka kwenye maji yenye bekingi soda kidogo, kama robo saa, tunasuuza. Embe na parachichi osha kabla hujatia kisu. Lakini dawa iliyokwisha kuingia ndani, mama, hata mimi bingwa siitoi. Hiyo ni kusubiri tu. Kopo limeandikwa siku za kungoja ndipo mtu achume; Aloyce asome, asiangalie picha ya mdudu peke yake.

Ila kuosha kunataka kushuka. Na pera tamu ni lile la juu ya mti, miguu inaning'inia, hujamwomba mtu. Nimekula Dar, nimekula Nairobi, nimekula huku kwa masultani, sijaonja linalolifikia. Sitaki Anjela alikose.

Kwa hiyo nimeamua. Mibuni inayozunguka mpera marehemu baba aliniachia mimi. Najua unavyoipenda, kila ukiipalilia unaongea naye. Mwambie Aloyce aing'oe, apande magimbi, upande ule asipulizie kitu tena. Baba ukimweleza, sema ni mimi nimeamua, siyo wewe.

Nisalimie mama mdogo wa kwaya, shemeji na mtori wake, na katekista. Mwambie huku nasali, japo kwa kujifanya nimelala. Aloyce mpe mkono, asinune.

Na Anjela ashuke kwanza. Haya ya sasa yaanguke, asiyaokote. Mpera ukizaa tena, mpandishe mwenyewe, umwache huko juu mpaka ashibe.

Mwanao anayekupenda kuliko anavyojisifu,
Prosper