Taulo la Golini

Jumatatu, 2 Desemba
Nimepakia matenga sita ya mananasi. Mgongo unalalamika kuliko mke wangu. Shabani, mtoto wa dada yangu, atadaka Jumamosi Uwanja wa Taifa. Kipa wa kwanza anaumwa goti. Akiwazuia wageni, namba ni yake. Kiwangwa nzima sasa ni makocha.

Jumatano, 4 Desemba
Wazee wameunda kamati ya ufundi. Ufundi wenyewe ni taulo jeupe lililofukizwa kwa mganga siku tatu. Litundikwe wavuni. Likitoka golini, bao linaingia. Shabani kaambiwa kwa simu, kaapa kulilinda. Nikasema kinachodaka ni mikono. Mzee Kondo akanikata, "Wewe na elimu yako ya magazeti ya kufungia vitumbua, nyamaza." Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha wakanituma mimi nilipeleke.

Ijumaa, 6 Desemba
Linanuka beberu. Nimelitupa kichakani Zinga, nikanunua jingine dukani, jeupe vilevile. Mlinzi wa kambi ya timu kaniruhusu kwa nanasi moja. Shabani kalipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo mjomba. Sasa nina amani." Nilijiona mjanja.

Jumamosi, 7 Desemba
Moja bila. Tumefungwa.
Dakika za mwisho. Tuna kona upande wa pili, uwanja wote umesimama. Mshambuliaji wa wageni kabaki nyuma peke yake na Shabani. Mshambuliaji huyo kalichomoa taulo wavuni, kalirusha mbali, kule kwenye mabango. Shabani akalikimbilia. Nikapiga kelele, "Rudi! La dukani hilo! La dukani!" Jirani yangu kanitazama kama kichaa. Sauti yangu mle ndani ni mate baharini. Kona ikaokolewa, mpira mrefu, goli tupu.
Watu wote wale, na mimi tu ndiye niliyejua kuwa ni kitambaa.

Jumanne, 10 Desemba
Kamati imekaa. Eti dawa yetu ilikuwa kali, ya wageni kali zaidi. Hakuna wa kulaumiwa. Nimeitikia kwa kichwa kama wengine. Mwoga mimi.

Alhamisi, 12 Desemba
Kikosi kipya kimesomwa redioni. Jina la Shabani halimo. Yuko huku kwa mama yake. Tumekaa barazani tangu alasiri.
"Mjomba, uliniona?"
"Nilikuona."
"Ningeliwahi lile taulo..."
Nikafungua mdomo. Dada akatoka na uji. Tukanywa.