Mbwa Aliyefunzwa Kunyamaza

Kaka, naenda kumwita daktari wa mifugo. Mwanao yuko chumbani na bibi yake. Mlango wa uani usifunguliwe. ~~Mfunge mbwa mnyororo.~~ Hapana, usimsogelee kabisa.

Asubuhi mtoto aligusa bakuli la mbwa, akarukiwa bila hata mngurumo. Meno yalichana sweta, ngozi ikanusurika.

Sijasahau. Mwaka juzi kila aliponguruma ulimchapa kwa ndala. Nikakwambia, "Huo mngurumo ndio onyo lake." Ukanicheka: "Dada, umekuwa daktari wa mbwa lini?"

Haya, mwanafunzi wako amefuzu. Haonyi mtu tena. Sasa hivi ananitazama dirishani, kimya. Ukirudi ukamkuta hivyo, ogopa.

Shangazi mtu