Mguu wa Bwana Afya

Jumatatu, 2 Juni 2025

Hospitali, mjini. Dokta Doris alinivua soksi mwenyewe. Harufu ikajaa chumba. Nikaangalia ukutani. Kwenye bandeji kulikuwa na chembe nyeusi, kama mbegu za mchicha. Akauliza kama niliwahi kuchomwa na mwiba. Ndiyo — nani wa huku hajachomwa? Picha inaonyesha mfupa una vitundu. Wamekata kipande kidogo wakapime.

Konsolata nimemwambia niko semina. Mke wangu!

Alhamisi, 19 Juni

Majibu. Si TB, si saratani. Fangasi. Wamepenya hadi mfupani, ndiyo maana sindano zote za mwaka jana hazikusaidia kitu. Dokta anasema si uchafu, waliingia na mwiba. Nimemsikia. Lakini mimi ndiye bwana afya wa Endasak, ninayepita nyumba kwa nyumba nikihimiza watu waoshe miguu, wavae viatu. Nani atanielewa? Vidonge mwaka mzima au zaidi, halafu huenda wakakata palipoharibika. Ningezidi kuchelewa, wangekata mguu wote.

Jumapili, 29 Juni

Konsolata ameviona vidonge. Aliposikia neno fangasi akauliza nimelala na nani. Nikavua soksi. Akalia. Nimemwomba asimwambie mtu, hata dada yake.

Jumanne, 8 Julai

Nimeitwa kule chini, kwenye boma la Mzee Gidahosh, mfugaji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanyoosha mguu. Mguu wangu kabisa. Uvimbe uleule, chembe zilezile, ila wake umefika kwenye kifundo. Wanawe wanasema ni laana ya ukoo, hospitali watamkata tu. Nikaeleza kwamba ni ugonjwa, una dawa, awahi. Wakanisikiliza kwa adabu. Ya wataalamu wameshayasikia mengi.

Mzee akaniuliza, "Wewe umewahi kumwona mtu mwenye mguu kama huu, anatibiwa?"

Nikasema yupo mmoja. Anameza dawa, uvimbe umeanza kupungua.

"Ni mtu wa wapi?"

Nikasema wa hukuhuku.

"Basi mlete nimwone. Nikiuona mguu wake, nitakwenda hospitali."

Wanawe wote wakaniangalia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele yake, viatu vimefungwa kamba, soksi mbilimbili. Ilikuwa kuinama tu.

Nikasema sawa, nitamleta kesho. Nikapanda pikipiki.