Kasri Lenye Kiraka cha Sare

Malaba,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa kaka yangu Oduori,

Pokea salamu zangu, za mama, na za watoto wa dada Mourine wanaokujua kwa picha tu. Hujambo? Mgongo bado unakusumbua ukiinama sana, au umepona? Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio umenikimbia.

Usishtuke kuona barua hii imekufikia Adungosi na si Ujerumani. Mama Asio, anayewauzia uji hapo mnapojenga shule, amekubali kukukabidhi mkononi. Usimkasirikie. Nitakueleza alivyonipa habari zako.

Huu ni mwaka wa pili niko katika studio ya Robinson, karibu na malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka. Shahada yangu ya historia iko ndani ya bahasha, chini ya kitanda. Hapa kazi yangu ni kushusha na kupandisha mapazia. Robinson ana mapazia sita yaliyochorwa majumba ya kifalme, na madereva wanaosubiri karatasi zao huingia kupigwa picha. Juzi mmoja aliniambia, "Dada, nipeleke Japani haraka, naitwa getini." Mama wa Tororo anayeuza vitenge akamwambia hilo tumbo litaziba kasri lote, mfalme atatokea wapi? Walicheka wote. Mimi nilikuwa nikitazama kasri lenyewe, lile jeupe la Himeji, na kuwaza ni miguu mingapi imepanda ngazi zake. Najua maji yanavyopita katika mifereji ya Alhambra kule Hispania. Najua habari za ngome za mawe za Gondar, Ethiopia, kuliko ninavyojua barabara ya kurudi kwetu Butula. Mchana kutwa naona kila kitu kikivuka isipokuwa mimi, na nikifunga kazi, miguu inaendelea kutembea chumbani, ukuta hadi ukuta.

Wiki yangu ya kwanza hapa nilishusha pazia la kasri la Neuschwanstein, lile la Ujerumani lenye minara. Panya walikuwa wamelitoboa upande wa kushoto, na Robinson alikuwa ameshona kiraka cha kitambaa cha sare ya shule, buluu isiyofanana hata kidogo na mbingu ile. Nilikaa chini. Buluu hiyo nilikuwa nimeitazama miaka miwili ukutani kwetu, karibu na sikio lako, katika picha uliyomtumia mama kwamba umefika Ujerumani. Nilimwuliza Robinson, naye akakukumbuka. Alisema uliazima koti la studio, na kwamba alikupiga picha mara nne kwa sababu ulishindwa kutabasamu. Alisema wakala aliyewaahidi wewe na wenzako kazi ya Ujerumani alikuwa ametoweka asubuhi hiyo hiyo.

Sikumwambia mtu. Ila kaka, baba alikuwa akiuliza kila siku kwa nini umenyamaza, na hapo ndipo nilipoanza. Picha zilizofuata nilizitengeneza mimi. Nilikukata kwenye kompyuta nikakuweka Hispania, Uturuki, Japani, na kuwaambia wazee kwamba unazituma kwa simu yangu kwa kuwa yao ni ya kubonyeza. Mama alizibandika zote juu ya kochi. Majirani walikuja kukuona ukitembelea dunia.

Na baba, unavyomjua fundi Wesonga, hakutazama suti. Alitazama kuta. Kila nilipokwenda nyumbani alinipa maswali nikutumie: kona za mnara wamezifungaje, msingi wa juu ya mwamba wanauchimbaje. Nilisoma, nikajibu kwa jina lako. Nilipomwambia kwamba ndani ya kuta za Neuschwanstein mna matofali, na mawe meupe ni ya kufunika tu, alicheka hadi akakohoa. Alisema kumbe hata wafalme hupiga plasta. Siku nyingine alihesabu ncha zilizosimama juu ya mapaa yale akataka kujua ni wanaume wangapi wanaishi humo, maana kwetu nyumba husimikwa mti mmoja kileleni, na mwenye nyumba akifa mti hushushwa. Nikamjibu kwamba mfalme aliyelijenga alilala humo siku zisizofika nusu mwaka, akafa zaidi ya miaka mia iliyopita. Baba akasema, "Basi nyumba hiyo inadanganya wapita njia."

Sasa kaka, kama uko juu ya jukwaa la ujenzi, shuka kwanza. Kaa chini.

Baba hayupo. Kifua kilimzidi, akatutoka tarehe 11 Oktoba, tukamzika Jumamosi ya tarehe 19. Mama Asio anajua, lakini alikataa kuwa mdomo wa habari hiyo. Alisema hiyo ni kazi ya damu yako.

Na bado sijafika kwenye kosa langu. Mama Asio aliingia studio mwezi wa Agosti kupigwa picha ya pasipoti, akanikuta nikikukata nikuhamishie India. Aliinama kwenye kompyuta akacheka, "Huyu si fundi Oduori? Suti alitoa wapi? Jana nimempimia uji kwa kikombe cha plastiki!" Kwa hiyo nilijua mahali ulipo miezi miwili kabla ya baba kufa. Nauli ya boda ingenifikisha kwako kabla ya saa sita. Badala yake niliandika rambirambi za Oduori wa Ujerumani aliyenyimwa ruhusa, na mchungaji akazisoma mbele ya jeneza. Udongo wa kwanza aliurusha baba mdogo, mahali pako. Mama alikuwa akitazama barabara.

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nakulinda wewe na aibu yako. Si kweli. Baba hakuwahi kuniuliza mimi swali hata moja kuhusu jengo lolote duniani, mimi niliyesomea mambo hayo. Alikuuliza wewe. Nilipokuwa wewe, nilizungumza na baba yangu mwaka mzima. Ungetokea mazikoni na viatu vyako vya saruji, watu wangejua ni nani aliyekuwa akijibu. Sikutaka kuondoka katika jina lako. Nikakunyima baba yako.

Mti wake bado umesimama kileleni, pale alipotoboa mabati mwenyewe kuusimika. Hauwezi kushushwa ila na mtoto wa kwanza wa kiume, na mama amesema atasubiri hadi Wajerumani wakupe likizo. Wiki iliyopita mzee mmoja wa Moding aliingia nyumbani na baiskeli yake. Aliona mti juu ya paa, akamwomba mama amwitie fundi Wesonga, ana kisima cha kujengewa. Mama alimweleza upya, mwanzo hadi mwisho. Huyo ni mgeni wa nne.

Ijumaa nitakwenda Butula kumwambia mama yote, picha baada ya picha. Hilo ni langu, lisikuzuie. Wewe njoo Jumamosi. Usiazime koti la mtu, vaa nguo zako za kazi. Ngazi ya baba bado iko nyuma ya jiko.

Wasalimie mafundi wenzako, na umshukuru Mama Asio kwa uji. Mungu akushike mkono barabarani.

Ni mimi mdogo wako aliyekukosea,
Nabwire.