Kila Chumba na Mita Yake

Mpendwa Mama Sadi,

Waya wako wameukata. Ule mmoja mnene uliotoka kwenye mita yako ukazunguka ua mzima, chumba kwa chumba, mpaka kwangu mwisho kabisa, karibu na choo. Sasa kila mpangaji ana mita yake ndogo ukutani, nane kwa mstari, na kila mtu ananunua umeme wake mwenyewe. Jambo hili ulilikataa ulipokuwa hai. Mimi ndiye niliyelisemea mpaka likapita. Nakuandikia kwa sababu nimeshtuka na bado sijatulia, na hapa Nyakabiga mtu niliyezoea kumpelekea mambo ya namna hii ni wewe.

Unajua sina shule nyingi. Niliishia darasa la sita kambini, kule Tanzania tulikokimbilia, kisha tukarudi kwetu Makamba, kisha nikaja Bujumbura kubeba zege. Ulinipokea na begi moja. Uliniuliza kama nakunywa na kama nina redio ya kelele, basi. Halafu ukasema, "Kodi ni ya chumba chako. Umeme tunachanga wote sawa. Lakini umeme wa hapa kwangu una adabu yake."

Adabu hiyo tuliicheka sana, mama. Mwezi ukianza ulikuwa mkarimu ajabu. Ulipita ukigonga madirisha: "Pigeni pasi sasa. Chemsheni maharage. Kisha musiniletee maneno." Mama Divine, jirani yangu anayepigia watu pasi kwa malipo, alikusanya nguo za wateja wake wote siku hizo, akapiga pasi mpaka mkono ukamvimba. Mwezi ukifika katikati, pasi marufuku, jiko la resho la umeme marufuku, tunarudi kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Siku za mwisho ulizima hata friji yako, ukaacha mlango wazi, ukaweka humo unga na vitunguu. Uliifungua balbu ya chumba chako na kuiweka kabatini. Jioni ulikuja na ungo wako, ukakaa mlangoni kwangu kuchambua mchele.

"Mama, leo tena umekuja kuniibia mwanga," nilikutania.

"Nyamaza. Mwanga hauishi kwa kuangaliwa."

Nyuma ya mgongo wako tulikuita bahili. Siku moja nilikuuliza kwa nini unajitesa hivyo, nawe ukasema, "Umeme wa mwanzo ni wetu. Wa mwisho ni wa matajiri." Wakati huo tulikuwa tunajenga ghorofa kule Gihosha, nikadhani unawasema watu wa kule, kwamba wao wakiwasha sana sisi tunakatiwa. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Ulipotutoka, adabu ile tuliizika pamoja nawe. Hakuna aliyegonga dirisha tena. Makaa yalikuwa yamepanda bei, kila mtu akanunua resho, hata mimi. Mama Divine akawa anapiga pasi kila siku. Wanafunzi wawili wa chumba cha tatu walichemsha maji ya kuoga asubuhi na jioni, kama watu wa hotelini. Na Sadi, mwanao, alikuja kutoka gereji yake Buyenzi kukusanya michango. Umeme ukaisha kabla ya mwezi. Akaja tena. Ukaisha tena.

"Mama yake alikuwa anatuhurumia," Mama Divine alisema pale bombani. "Huyu mutoto wake anatukula."

Nami nikasema mbele ya watu wote, Sadi akiwa amesimama pale, kwamba pesa zetu zinapotelea njiani kati ya mfuko wake na kioski kinachouza umeme. Hakukasirika kama nilivyotegemea. Alinitazama, uso wake ukafanana na wako.

"Bon," alisema. "Chagueni mutu moja twende naye. Aone na macho yake."

Wakanichagua mimi, kwa ajili ya lile darasa la sita.

Siku hiyohiyo Fundi Leonidas, mwashi ninayemtumikia, alikuwa amenipa noti nimnunulie umeme. Yeye anakaa Ruziba na mkewe, wawili tu, kwenye mita yao wenyewe, na kule mtandao wa simu wa kununulia umeme unawasumbua. Ilikuwa noti ya thamani sawa na ile aliyoshika Sadi mkononi. Mama wa kioski akaanza na namba ya mita ya Ruziba. Simu ikaleta zile tarakimu ndefu za kubonyeza kwenye mita, na chini yake uniti za umeme. Kisha akaandika namba yako. Noti sawa, mama, kioski kimoja, mwanamke mmoja. Uniti za Fundi zilikuwa zaidi ya mara mbili ya zetu.

Nilimwambia amekosea. Nilimwambia kwa sauti kubwa, mpaka wanunuzi wa mkate wakageuka.

"Apana, kaka," alisema, wala hakuinua macho. "Kila mita, mwezi ukianza, inapewa bei ya chini, bei ya maskini. Mukinunua sana munapanda ngazi, na bei inapanda. Mukizidi, inapanda tena. Nyie muko kwa ngazi ya juu kabisa. Uyu wa Ruziba iko bado chini."

"Sisi ni vyumba nane."

"Mita haijui vyumba. Mi hapa naona mutu moja. Na ule mutu ni tajiri."

Sadi alicheka, lakini bila furaha. "Sasa unaona? Mi ni mwizi?"

Nikakaa kwenye kreti ya soda. Mimi, ninayelala juu ya godoro lisilo na kitanda, nalipa umeme kwa bei ya mwenye ghorofa. Na kwa nini? Kwa sababu tuko wengi kwenye waya mmoja. Maisha yangu yote nimeambiwa kwamba watu wakichanga, mzigo unapungua. Pale kioskini nikaona kuchanga kwenyewe ndiko kulikotupandishia bei. Hapo ndipo nikaelewa ulichokuwa ukifanya na balbu yako kabatini. Ulikuwa unatuzuia tusipande ngazi, na ulianza kujizuia wewe.

Jioni niliwaeleza wenzangu uani. Niliwaambia ni kama kupandisha mchanga ghorofani kwa ndoo: za asubuhi nyepesi, za jioni zinakuua, na ndoo ni ileile. Mama Divine akauliza polepole, "Kwa hiyo pasi yangu ndiyo ilikula watu?"

"Apana, Mama Divine," mwanafunzi mmoja alisema. "Ni sisi wote, vile tuko pamoja."

"Vile tuko pamoja ndiyo tunalipa sana? Basi Mungu na wenye mita hawajuani."

Watu walicheka, na mimi nikaona nafasi. Nikasema tutengane, kila chumba kiwe na mita yake, kila mtu aanze mwezi chini kabisa kama Fundi. Nani angepinga? Wote waliinua mikono. Sadi peke yake aliangalia chini.

"Waliwahi kumwambia mama hivyo," alisema. "Alikataa. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia: kila mutu akiwa na yake, mutu akikosa nitamujua aje?"

Tulisikia, mama. Nakuambia kweli kwamba tulisikia. Mimi zaidi ya wote nilipaswa kusikia, kwa sababu niliwahi kukosa pesa, na ulinijua. Ule mwaka ubao ulipovunjika chini yangu Gihosha, nikalala na mguu uliovimba, sikuchanga kitu mpaka nilipoweza kutembea. Balbu yangu haikuzimika hata jioni moja. Ulikaa mlangoni na ungo wako na hukuutaja mchango. Ulisema tu kwamba mchele wa siku hizi umejaa mawe. Lakini hesabu ya kioski ilikuwa imenijaa kichwani, na nikainua mkono wangu kama wengine.

Basi mafundi wakaja. Mwezi wa kwanza ulikuwa kama sikukuu. Nilinunua umeme kwa pesa ndogo kuliko wakati wowote tangu nifike mji huu, nikapikia resho, nikapiga pasi shati ambalo halikuhitaji. Mama Divine naye anapata faida katika kazi yake, anaimba. Hesabu ilikuwa sahihi, sitakudanganya. Anayesema kutengana hakukutusaidia hajawahi kulipa.

Mwezi huu mafuta yamekosekana mjini. Malori ya mchanga hayafiki, ujenzi umesimama, na asiyebeba hapewi kitu. Mita yangu ilianza kuwaka taa nyekundu, nikaifunika kwa kitambaa. Jana jioni ikazimika. Nilikaa kitandani, yaani kwenye godoro, gizani, na nikasikia kila kitu. Redio ya Mama Divine ukuta wa pili. Wanafunzi wakicheka. Mafuta yakilia kwenye sufuria ya mtu. Balbu saba zilikuwa zinawaka uani, na hakuna hata mmoja aliyejua ya nane imezimika, kwa sababu hakuna kilichobadilika kwake. Zamani giza likiingia kwangu liliingia kwa wote, na wote tulitoka nje kuuliza.

Ningeweza kugonga. Ni hatua chache tu. Sikugonga. Unaomba nini, mama? Umeme wa mtu sasa ni wake, umeandikwa namba yake, na nikijiunganisha kwake nampandisha ngazi. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo.

Asubuhi Mama Divine, aliyezoea kuniita kwa jina la kwetu, alinikuta bombani. "Jana ulilala mapema, Makamba?"

"Nilichoka," nilimwambia.

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Akachukua ndoo yake akaenda, nami nikabaki nikitazama mlango wako uliofungwa, nikiwa na hasira na wewe kidogo, Mungu anisamehe, kwamba hukutupigia kelele tukaelewa. Lakini naogopa hata ungepiga kelele, tungesikia bei tu.

Leo jua litakapozama nitasimama mlangoni kwa Mama Divine. Sijui kama nitagonga. Nimebeba zege miaka mingi, lakini mkono huu sijawahi kuuona mzito hivi.

Lala kwa amani, mama. Uani wote wazima, na umeme umekuwa rahisi.

Mimi mpangaji wako wa chumba cha mwisho.